Upande wa Tatu

Saa mbili na robo asubuhi, Jumanne, Blandina alimenya kiazi cha kuchemsha kwa kucha, akakichovya kwenye chumvi, akafungua laini ya Ubaruku. Ofisi ilikuwa Mbalizi, juu ya duka la mbolea. Laini iliishia mwendo wa saa kadhaa kwa gari, kwenye kisanduku cha chuma kilichofungwa kando ya lango la mfereji wa mpunga. Kisanduku kiliinua na kushusha lango kwa amri kutoka ofisini. Kazi ya Blandina, ya kwanza tangu amalize chuo, ilikuwa kuingia ndani ya kisanduku hicho bila kunyanyuka kwenye kiti na kutafuta kilichoharibika.

Tangu Februari kilikuwa kimeharibika kitu kimoja. Taarifa zilizotoka langoni zilikuja na mistari ya viraba vitupu katikati, mahali ambapo pangepaswa kuwa na maneno.

Alimpigia Jofrey, aliyeandika programu ya kisanduku na aliyefanya kazi akiwa nyumbani kwao Kalenga, nje ya Iringa.

"Kamwene, dada," alimsalimu Jofrey kwa Kihehe.

"Kamwene. Umeviona viraba?"

"Nimeviona. Huo si unyevu wala panya. Kuna mtu anaandika, ila jedwali letu la herufi ni finyu."

Kisanduku kilituma kila herufi kama namba, na pande zote, ofisi na Jofrey, zilisoma namba hizo kwa jedwali moja la zamani. Jofrey alitaka jedwali jipya, lililotengenezwa limtoshe kila anayeandika. Lakini jedwali halibadilishwi na mtu mmoja, kwa kuwa upande mmoja ukitangulia, mwingine unasoma upuuzi. Utaratibu ulikuwa kwenye daftari la Blandina na la Jofrey, kwa maneno yale yale: kila asubuhi laini inapofunguliwa, mmoja anaomba jedwali na kutaja maneno ya kuonyeshwa kwenye kioo cha lango siku hiyo. Kila upande ujibu nakubali. Upande wowote ukikaa kimya sekunde thelathini, wote wanarudi kwenye jedwali la zamani mpaka kesho yake.

"Ila Mnyakyusa akishakubali, asianze ubishi katikati ya safari," alisema Jofrey kwa utani.

"Na Mhehe asiibamize simu ukutani mtandao ukikata."

Blandina aliomba. Kwenye kioo chake likaja NAKUBALI la Jofrey. Sekunde ya kumi na moja likaja NAKUBALI jingine.

"Umejibu mara mbili?"

"Mara moja. Huyo wa pili hana anwani." Kalamu ya Jofrey ikasikika kwenye karatasi. "Basi tuko pande tatu. Naandika."

Viraba vikageuka maneno, kuanzia ya Februari.

SIKULALA. NILIKUWA NATOA MAGUGU KWENYE CHUMA. MKAFUNGUA. PASKALINA.

Yalikuwa hayo hayo, siku baada ya siku. Maji ya tope yalianza kutoka chini ya kibodi, taratibu, yakinuka majani ya mpunga. Blandina alisogeza kiazi chake.

Paskalina alikuwa mlinzi wa lango. Alikufa maji tarehe kumi na moja Februari. Ripoti ya kampuni ilisema alilala ukingoni wakati wa kazi, akateleza. Ripoti hiyo ilisomwa mbele ya watu kabla ya mazishi, na tangu siku hiyo mama yake hakukaa tena benchi la mbele kanisani. Kampuni, kwa kuwahurumia wafiwa, iliwapa nafasi ile ile. Sasa lango lilikuwa na mdogo wa Paskalina, Sabina.

Blandina alipekua kumbukumbu za tarehe hiyo. Saa tatu na dakika arobaini asubuhi ilitoka amri ya kufungua, kutoka ofisini. Mstari uliofuata ulipaswa kuonyesha kwamba honi ililia dakika nzima ili aliye majini atoke. Uliandikwa: honi haipo. Alichapa kurasa mbili, akaenda nazo kwa meneja, Bwana Silvester. Moyo ulimwenda mbio kwa furaha. Aliamini kwamba mtu akionyeshwa jambo lililo wazi, atalirekebisha.

Bwana Silvester alisoma polepole, huku akinyanyua viatu visiguse maji yaliyokuwa yamemfuata Blandina kutoka kwenye meza yake.

"Ni yeye," alisema. "Hata taarifa zake za kila wiki aliziandika hivi, kwa kifupi. Siku ile nilikuwa na wageni. Niliwaonyesha kwenye simu jinsi lango linavyofunguka."

"Basi ripoti irekebishwe, bosi. Mama yake..."

"Ripoti ina muhuri, binti. Imefungwa."

"Na honi?"

Kabla hajajibu, kompyuta ya Blandina ililia chumba cha pili. Wakaenda wote wawili. Amri ya kufungua lango ilikuwa imepangwa kutoka baada ya dakika mbili, na chini yake palikuwa na mstari mpya.

SABINA AMEINGIA MAJINI. MSIFUNGUE.

Blandina aliizuia amri. Walisubiri wamesimama. Dakika ya sita ukaja mwingine: AMETOKA. Ndipo Blandina akairuhusu, na Ubaruku lango likapanda, maji yakaenda mashambani.

Bwana Silvester alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Umeona? Honi ya nini tena?"

Ikawa ndiyo kazi. Paskalina alitoa taarifa mdogo wake alipoingia mferejini na alipotoka, siku zote saba, Jumapili ikiwamo. Hakukosea hata mara moja. Blandina aliacha kutoka kwenda kula mchana. Mama Bertha, msafishaji, aliweka ndoo ya kudumu chini ya meza.

"Huyu marehemu mmempa kazi nyie, anayepiga deki ni mimi," alisema.

"Pole, mama."

"Pole yako inakausha sakafu? Mwambie akija apanguse miguu, kama watu wengine."

Blandina alimwandikia. Siku mbili tatu maji yalikuja machache, halafu yakarudi kama kawaida.

Aliandika pia barua tatu, kwa kampuni, kuhusu ripoti na kuhusu honi. Zote zilirudi na muhuri wa kupokelewa. Ya nne ilikuwa kwenye mkoba wake, haijaisha, na aliiandika kwa mwandiko mzuri kuliko zile tatu.

Ijumaa moja ya Aprili Bwana Silvester alileta karatasi. Ilikuwa wiki ya usalama kazini, na kila kioo cha lango kingeonyesha maneno yale yale, kuanzia Jumatatu. Blandina aliyasoma kwa simu kwa Jofrey.

"Hayo Paskalina hatayakubali," alisema Jofrey.

"Asipokubali tunarudi kwenye viraba. Hatutajua Sabina yuko wapi."

"Najua, dada. Utaratibu nimeuandika mimi."

"Tuubadili. Ukimya usirudishe kitu."

"Nimeomba jana. Bosi lazima asaini. Amesema utaratibu ni mzuri, na tangu uanze haujamsumbua."

"Basi tusiyatume."

"Tusipotuma, ataweka mtu atakayetuma. Huyo mtu atasoma mistari ya Paskalina kama wewe?"

Jumatatu saa mbili asubuhi kulikuwa na ukungu Mbalizi na jua Ubaruku. Sabina alifika langoni na reki yake ya kutolea magugu, akaanza kufunga kitenge kiunoni. Blandina alifungua laini. Aliomba jedwali jipya, akaandika maneno ya siku.

TUSILALE KAZINI. TUKUMBUKE YALIYOMPATA PASKALINA.

Jofrey alijibu sekunde ya nne. NAKUBALI.

Sekunde ya kumi hapakuwa na kitu. Ya kumi na tano maji chini ya kibodi yalikoma, na mezani pakabaki alama ya tope iliyoanza kukauka kingo. Mama Bertha alisimama mlangoni na deki mkononi. Ya ishirini. Ya ishirini na tano. Jofrey alikuwa kwenye simu na alisikika akipumua.

Sekunde ya ishirini na tisa lilikuja neno.

NAKUBALI.

Kule langoni kioo kiliwaka, herufi zote safi, hakuna hata kiraba kimoja. Sabina aliyasoma maneno mara moja, akavua ndala, akazipanga ukingoni. Mbalizi maji ya tope yakaanza kutoka tena chini ya kibodi, na kwenye kioo cha Blandina ukaja mstari wa kwanza wa siku.

SABINA ANAINGIA MAJINI. SUBIRINI.

Blandina akasubiri.