Hodi ya Herufi Moja

Ofisini walimwita Bi Nukta, kwa sababu hakuna nukta kwenye skrini iliyowahi kumpita bila kuitolea macho. Rangi ikififia kidogo tu kwenye pembe ya dirisha, yeye huyo, anasogeza kiti na maswali yanaanza. Jina alipewa na Viraka, mwenzake wa meza ya pili, bingwa wa kucheka kabla hajamaliza utani wake mwenyewe. Naye Viraka jina lake lilitokana na kazi yao.

Kazi yenyewe ilikuwa programu ya kumwonyesha mtu skrini ya mwenzake aliye mbali. Asiyejua angetuma skrini nzima kila mara, na mtandao ungekabwa koo. Programu yao ilikaa kimya ikisubiri kompyuta ya mbali iseme, "Hapa pamebadilika," kisha ikachukua kiraka hicho tu na kukibandika mahali pake upande wa pili. Mtu akiandika herufi moja, husafiri herufi moja. Ukitulia ukaitazama, ni kazi ya heshima kabisa: mashine isiyofungua mdomo kama haina jipya. Binadamu wangapi wameshindwa hilo!

Katika fani yao, taarifa ile ya mabadiliko ina jina lenye maana ya uharibifu. Mkuu wa ofisi alikataa katakata. "Nani atanunua programu inayotangaza uharibifu kutwa nzima?" Basi wakaiita doa. Doa likitokea, programu inalitazama, inatuma picha yake, kisha inalifuta ili lisitumwe tena. Jina lilikaa vizuri mdomoni, na hakuna aliyelifikiria mara ya pili.

Nyumba ya kwanza kuwekewa programu hiyo ilikuwa ya baba yake Bi Nukta, fundi mstaafu wa kuandika mabango, mbali na mji wa binti yake. Baba alikuwa ameondolewa uvimbe kooni, na sauti ikaondoka nao. Masikio yalikuwa mazima. Kwa hiyo binti alipiga simu na kuongea, Baba akasikiliza na kujibu kwa kuandika kwenye kompyuta yake, na binti akasoma majibu ofisini. Mzee aliandika kwa kidole kimoja, taratibu, na akikosea hakufuta neno. Alirudi kwenye ile herufi yenye kosa akapiga nyingine juu yake, kama alivyozoea na brashi.

Siku hiyo daktari alitaka jibu. Kulikuwa na upasuaji wa pili, ambao ungeweza kurudisha sauti kidogo, au ungeweza kumwondolea Baba hata uwezo wa kumeza. Bi Nukta alipiga simu mchana.

"Baba, daktari anasubiri. Utafanyiwa au hutafanyiwa? Uamuzi ni wako."

Mtandao wa kule ulikuwa unasuasua, herufi zikaja kwa kujikongoja. *Nitafanyiwa*.

Moyo ulimruka. Alikuwa na kiu ya kuitwa tena "mama" kwa ile sauti nzito, kiu ambayo hakuwahi kumwambia mtu. "Asante, Baba! Asante sana! Ngoja nimwambie daktari," akasema, akakata, akampigia daktari hapo hapo.

Kabla watu hawajaanza kufunga meza zao, kaka yake, aliyeishi na Baba, alipiga simu akiwaka.

"Nani kakwambia Baba kakubali?"

"Yeye mwenyewe. Nimesoma kwa macho yangu."

"Umesoma unachokitaka wewe. Narudi kutoka kazini namkuta Mzee kanuna, daktari kampigia kumpangia siku, na yeye hana hata sauti ya kumkatalia. Ananionyesha skrini tu. Imeandikwa *Sitafanyiwa*, kubwa kama bango!"

"Imeandikwa *Nitafanyiwa*, Kaka. Naiona hapa mbele yangu."

"Basi mmoja wetu hajui kusoma." Akakata.

Bi Nukta alibaki ameshika simu. Hasira za kaka yake alizizoea. Kilichomchoma ni hofu kwamba huenda ni kweli, kwamba mzee asiye na sauti alikuwa amesema lake na binti yake mwenyewe akamjibia. Kama Baba asingemwamini tena, angeandika kwa ajili ya nani?

Alimweleza Viraka. Viraka akaja na kiti chake, akainama mbele ya skrini, na kwa mara ya kwanza hakucheka.

"Kijiti cha kuandikia kinapepesa wapi?"

Alikitazama kile kimstari kinachoonyesha herufi ijayo itaingia wapi. Kilikuwa kinapepesa baada ya N.

"Mtu akimaliza neno, kijiti hukaa mwisho," Viraka akasema. "Huyu alirudi mwanzoni. Alirudi kufanya nini? Omba picha nzima."

Bi Nukta alibonyeza. Skrini ilijichora upya kutoka juu hadi chini, na mbele ya macho yake N ikawa S.

Kisha Viraka akafungua programu yao na kuanza kuisoma mstari kwa mstari, kidole kwenye kioo, hadi kidole kikasimama.

"Tunatazama, tunatuma, ndipo tunafuta doa."

"Ndiyo. Huwezi kufuta doa ambalo hujalitazama."

"Hapo ndipo jina lilipotudanganya. Kijiti kimerudi mwanzoni, tumetazama N, tunatuma, mtandao unasuasua. Mzee naye huku anaweka S. Doa jipya linaangukia palepale. Tukimaliza kutuma tunafuta yote, na la pili hatukuliona hata kidogo." Akajikuna kichwa. "Hili siyo doa, Bi Nukta. Hii ni hodi. Mtu akibisha, unaitika karibu kwanza, ndipo unakwenda kumtazama. Akija mwingine ukiwa njiani, atapiga hodi yake na utaisikia. Sisi tunakaa na mgeni wa kwanza mpaka aage, ndipo tunasema karibu moja, eti imewatosha wote."

Bi Nukta alimwangalia Viraka kama mtu anayemwona leo kwa mara ya kwanza. Miaka yote alimchukulia mpiga soga. Yeye mwenye sifa ya macho alikuwa amepitwa na kijiti kinachopepesa mbele ya pua yake kwa sababu alikuwa na furaha, na huyu mwenye utani mbovu alikiona papo hapo.

Dawa yake haikuongeza hata neno: mstari wa kufuta ulipanda juu ya ule wa kutazama. Itika kwanza, tazama baadaye. Walirudia kusoma itifaki, zile kanuni za mazungumzo ya kompyuta zilizoandikwa na waliowatangulia, na kumbe mpangilio huo ulikuwepo tangu mwanzo. Watu wasiowajua walikuwa wamemfikiria hata mtu anayebadili nia katikati ya neno, wakamwachia nafasi. Bi Nukta aliwaheshimu kutoka moyoni, hao mabwana na mabibi wasio na sura.

Ofisi ilikuwa imebaki na wao wawili programu iliyorekebishwa ilipofika kule. Kaka alipokea simu shingo upande, akaiweka karibu na sikio la Mzee.

"Baba, kosa ni langu. Nilikata simu kabla hujamaliza. Naomba nikuulize tena, na safari hii sina haraka. Utafanyiwa?"

Ikaja S. Ikafuata i, ikafuata t, kila moja ikipiga hodi na kuitikiwa. *Sitafanyiwa*.

Alisubiri. Kijiti kilipepesa mwisho wa neno, kikakaa, halafu kikaanza kutembea tena.

*Ile N ilikuwa yako, mama. Nilitaka kukupa. S ni yangu.*

"Nimeiona, Baba," akasema. "Nimeiona yote."

Akampigia daktari kwanza, akafuta miadi. Kulia kulikuja baadaye.