Shibiri Moja Kulia

Uwanja ambao timu ya taifa ya besiboli iliutumia kwa kambi mjini Nachingwea ulisawazishwa na Waingereza katika miaka ya arobaini, walipoamini kwamba ardhi hii ingewapatia karanga za kulisha nchi yao. Karanga hazikuitikia. Tambarare ilibaki, ikachungiwa mbuzi na kufanyiwa magwaride, mpaka Julai hii Kocha Methodius alipoikagua kwa miguu, akachora mistari ya chokaa, na kutangaza kwamba timu ingekaa hapo wiki tatu kabla ya kukutana na Uganda.

Mimi ni mwalimu wa hisabati. Nilihamishiwa Nachingwea kutoka Sumbawanga miaka kumi na miwili iliyopita, na mkuu wangu wa shule alinipa kazi ya kuweka kumbukumbu za kambi kwa sababu mtu aliyeahidiwa kutoka Dar es Salaam hakutokea. Sikuwa nimewahi kuuona mchezo huo. Nilisoma kitabu chake cha kanuni kwa siku mbili nikahitimisha kwamba kiliandikwa na watu wenye muda mwingi. Hata hivyo kiini chake ni rahisi. Mrushaji husimama kwenye kichuguu. Mbele yake, hatua ishirini hivi, kimelazwa chini kibao cheupe chenye pembe tano; mpigaji husimama kando ya kibao na fimbo yake, na nyuma yake mdakaji huchuchumaa na glovu nene. Mpira ukipita juu ya kibao unahesabiwa kuwa mzuri, hata ukipita juu ya ukingo wake tu, na mpigaji akiikosa mipira mitatu mizuri anatoka. Ukipita nje ya kibao ni kazi bure. Ukipita katikati, mpigaji hodari huupeleka anakotaka. Kwa hiyo kazi yote ya mrushaji ni ule ukingo.

Mwaka uliopita Uganda walikuwa wametufunga kumi na moja kwa mbili, na karibu mipira yote iliyotuumiza ilirushwa na Kornel, mtu wa Songea, mpole, mwenye nguvu za kutosha kuvunja mlango na asiyejua njia nyingine zaidi ya katikati. Safari hii mshindi angekwenda fainali za Afrika. Chama cha besiboli kilimwandikia Methodius kwamba akishindwa tena, timu itakabidhiwa mtu mwingine. Aliikunja barua ile akaiweka kwenye mfuko wa shati, na kila alipofikiri aliigusa, kama mtu anayehakikisha kwamba ufunguo bado upo. Majina ya wachezaji yalitakiwa kufika kwa chama Ijumaa kabla ya saa sita mchana. Ilibaki nafasi moja tu, ya mrushaji wa mwisho. Jina la Kornel lilikuwapo kwa sababu hapakuwa na jina lingine.

Nasri aliletwa na kocha msaidizi, Abdulkarimu, ambaye alimwona Ruangwa kwenye mnada wa ufuta akimfukuza mbwa kwa jiwe lililompita mbwa huyo karibu na sikio. Alikuwa na miaka ishirini na minne, mkulima wa Matambarale, mtaratibu. Mpira wake ulikwenda kasi kuliko wa Kornel. Tatizo ni kwamba haukufika ulikoitwa. Eusebio, mdakaji wetu, askari magereza kutoka Masasi, akiweka glovu kwenye ukingo wa kulia, mpira ulipita nje kabisa. Akiiweka kwenye ukingo wa kushoto, mpira ulipita katikati na wapigaji wakaupeleka kwa mbuzi.

"Kocha, huyu ndugu ananiona vizuri," Eusebio alisema Jumatatu jioni, akiinuka kwa shida. "Ila anamlenga jirani yangu."

Wenzake walicheka, Nasri akiwamo. Methodius hakucheka. Alinijia na kuniuliza kama ningeweza kupima kijana yule anakosa kwa kiasi gani. Nilimjibu kwamba kinachopimika kitapimika, lakini asitarajie faraja.

Jumanne asubuhi tulitundika turubai jeusi kati ya nguzo mbili, nikachora duara katikati yake, na mipira ikapakwa chokaa ili iache alama. Nasri alirusha mara arobaini. Nilikwenda kwenye turubai na futi yangu ya fundi cherehani, nikiwa tayari kuandika mtawanyiko.

Hapakuwa na mtawanyiko. Alama arobaini zilikuwa zimelaliana juu ya doa moja lisilozidi upana wa mpira wenyewe, na katikati ya doa hilo palikuwa sentimita ishirini na moja na nusu kulia kwa duara. Nilipima tena. Kisha niliishuku futi, nikaazima nyingine kwa fundi wa mjini, nikapima mara ya tatu. Nimesahihisha majaribio ya wanafunzi kwa miaka kumi na minane. Matokeo ya namna ile huwa nayapa sifuri, kwa kuwa ni dhahiri mwanafunzi ameyatunga nyumbani. Haya nilikuwa nimeyaona yakitokea, moja baada ya moja, jua likiwa juu.

"Mwalimu Makrina," Methodius aliniita kwa sauti ya chini, "niambie kwamba umekosea."

Nilimwambia kwamba nilikuwa nimejitahidi kukosea na nimeshindwa.

Abdulkarimu aliona jambo limekwisha. Alimwelekeza Nasri alenge kushoto kwa kiasi kile kile anachokosa, na mpira utafika. Nasri alitii. Mpira wa kwanza ulipita juu ya turubai. Wa pili ulichimba ardhi. Wa tano uliingia jikoni, na mpishi akatoka na mwiko kutaka kujua ni nani. Siku nzima ya Jumatano ilikuwa hivyo. Kadiri kijana alivyojisahihisha ndivyo mkono wake ulivyogeuka kuwa mkono wa mtu yeyote, na jioni alikuja kuomba ruhusa arudi kwao, akisema anaona aibu kula chakula cha timu. Methodius aligusa mfuko wa shati. Akamuuliza ni nani aliyemfundisha kurusha. Nasri akajibu, kama vile swali lilikuwa la ajabu, kwamba ni mama yake.

Alhamisi tulikwenda Matambarale: Methodius, Abdulkarimu, Nasri na mimi. Tulimkuta Bi. Mwanasha juu ya dungu, jukwaa la miti la kulindia shamba, akiwa na rundo la mawe miguuni na mbaazi zilizokomaa zimemzunguka pande zote. Hakushuka. Mazao yalikuwa yamebakiza wiki mbili kuvunwa, na nyani hawasubiri wageni waondoke. Alisalimiana na mwanawe kwa Kimwera, wakazungumza kidogo, kisha akatugeukia kwa Kiswahili cha polepole akatuuliza shida yetu.

Methodius aliieleza kwa heshima na kwa urefu: kwamba kijana ana mkono ambao hajapata kuuona, kwamba taifa linauhitaji, ila kila anaporusha anakosa.

"Nani kawaambia anakosa?" Bi. Mwanasha aliuliza.

Abdulkarimu akasema kwamba imepimwa.

"Mmepima nini? Huyu hajakosa tangu ana miaka tisa. Nilimfundisha asipige."

Alinyoosha mkono kutuonyesha. Kulia kwa dungu kulikuwa na kijiji. Kushoto, ng'ambo ya bonde, msitu. Jiwe likiangukia kulia kwa nyani, shibiri moja, nyani hukimbilia kushoto, kwao. Likianguka mbali zaidi ya hapo, anatazama tu na kuendelea kula. Likianguka kushoto, umemfukuza aingie kijijini, na majirani watakuja kukuuliza una akili gani.

"Na likimpata?" nilimuuliza.

"Hapo umeharibu, mwalimu. Akivunjika hawezi kukimbia. Anabaki humu humu, anakula amekaa. Na wenzake wanakuja kumwangalia." Alifikiri kidogo. "Mimi sijapiga nyani hata mmoja. Mama yangu alipiga mmoja, mwaka wa njaa. Tulimsema mpaka anazeeka."

Nasri alikuwa ameinamisha kichwa. Alisema, kwa upole wa mtu anayeomba radhi, kwamba hata anapojua kuwa glovu si nyani, mkono haujui.

Niliomba ruhusa ya kupima shibiri ya Bi. Mwanasha. Alinitazama kama mtu anayezoea polepole ujinga wa watumishi wa serikali, kisha akainama na kunitandazia kiganja chake kwenye ubao wa dungu. Kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho: sentimita ishirini na moja na nusu. Nilifungua daftari kuiandika tarakimu hiyo, na hapo nikaona, katika ukurasa wa kwanza, vipimo nilivyonakili kutoka kwenye kitabu cha kanuni. Upana wa kibao: sentimita arobaini na tatu.

Nusu yake, kutoka katikati hadi ukingoni, sikuhitaji kalamu kuijua.

Siamini ishara. Watu wa mbali waliokikata kibao kile hawakuwahi kusikia habari za Matambarale, na mama mwenye kiganja kile hakuwahi kusikia habari zao. Vipimo viwili kulingana ni jambo linalotokea, na kitabu chochote cha takwimu kitakueleza ni mara ngapi. Nilijieleza hayo yote pale pale chini ya dungu. Kisha nikakipima kiganja kile tena. Nilimpa Methodius daftari. Alilisoma, akamtazama mama, akakitazama kiganja ambacho bado kilikuwa kimetandazwa, akavua kofia.

"Hatumrekebishi," alisema. "Eusebio ataweka glovu katikati ya kibao. Na kuanzia leo mtu yeyote asimwambie kijana huyu kwamba anakosa."

Ijumaa asubuhi timu ilikuwa na ahadi ya kuonyesha mchezo Ruangwa, kwenye uwanja wa mpira wa miguu. Watu walikuja kwa wingi wakidhani ni kandanda, wakabaki kwa kutaka kuona lini itaanza. Methodius aliwaita wapigaji wake watatu bora na kuwaagiza wampige Nasri bila huruma. Abdulkarimu alisimama kama mwamuzi. Eusebio alichuchumaa, akaweka glovu katikati kabisa, mahali ambapo mdakaji mwenye akili haiweki, na akauliza kwa sauti kama familia yake imeshaarifiwa.

Mpira wa kwanza uliondoka mkononi ukielekea katikati, mpigaji akapeleka fimbo yake huko huko, na fimbo ikakata hewa. Mpira ulikuwa umepita juu ya ukingo wa kulia, kwenye utepe mwembamba ambao kanuni huuhesabu na fimbo haiufikii. Wa pili ulipita hapo hapo, na wa tatu pia. Mpigaji wa pili alisogea karibu na kibao. Eusebio akahamisha glovu kushoto, shibiri moja nje ya ukingo, na mpira ukapita juu ya ukingo wa kushoto. Watu waliokuwa wakiuliza kandanda itaanza lini waliacha kuuliza. Teddy, mpigaji wetu hodari kuliko wote, aligusa mmoja kwa ncha ya fimbo, ukamwangukia miguuni. Miwili iliyofuata hakuigusa.

"Kocha," alisema, akiiegemeza fimbo begani, "mimi nauona unakuja. Nikifika, haupo."

Eusebio alivua glovu na kukaa chini kwenye nyasi. Alikitazama kiganja chake kilichovimba, kisha akamtazama Nasri. Ilikuwa saa sita kasoro dakika ishirini. Methodius alitoa simu, akafuta jina la Kornel, akaandika la Nasri, akatuma. Niliona akifuta, na ninaamini kwamba Kornel pia aliona, kwa sababu alikuwa amesimama karibu yetu muda wote.

Nasri hakufurahi. Alisema kwamba mama yake hawezi kulinda mbaazi usiku na mchana peke yake kwa wiki mbili, na kwamba bila mtu wa kumpokea haendi popote. Methodius alianza kutaja fedha za kibarua. Kornel ndiye aliyemkatiza. Alisema kwamba yeye sasa hana kazi, na kurusha anajua.

Jumatano iliyofuata basi la timu lilipita Matambarale, ili Nasri amuage mama yake. Kornel alikuja kutupokea mpakani mwa shamba akiwa na uso wa mtu aliyevunja chombo cha wenyewe.

"Nimempiga mmoja, kocha," alisema. "Alikuja katikati."

Katikati ya mbaazi, hatua arobaini kutoka kwenye dungu, nyani mkubwa alikuwa ameketi juu ya tako moja. Alikuwa akimenya maganda bila haraka na kutazama basi. Kando yake waliketi wengine wawili. Nilihesabu mistari ya mbaazi iliyobaki bila maganda kabla sijajizuia: alikuwa amekula matuta manne.

Bi. Mwanasha alimwambia mwanawe maneno machache kwa Kimwera, akamwekea mkono kichwani, kisha akaokota jiwe. Hakulipima uzito wala hakujipanga. Vumbi liliruka kulia kwa yule nyani, karibu naye sana. Wale wawili waliondoka kama walioitwa. Aliyeumia alilitazama shimo la jiwe, akatazama kushoto, akainuka kwa shida, na akaanza kuchechemea kuelekea msituni, ganda la mbaazi likiwa bado mdomoni.

Timu nzima ilikuwa imesimama kando ya basi. Methodius alikuwa ameshika kofia kwa mikono miwili, na barua ya chama ilikuwa mfukoni mwake, na hakuigusa. Futi ilikuwamo katika mkoba wangu. Sikuitoa.