Bibi Asiye na Mtu

Mtaani walimwita Chapuchapu, maana hakuna jambo alilolifanya polepole, hata kupiga chafya. Ndiye aliyeendesha kituo cha wazee nyuma ya karakana ya magari, nyumba ambayo paa la jikoni lilivuja mpaka mpishi akawa anapika amejifunika plastiki. Kituo kiliishi kwa ruzuku ya wakfu wa tajiri mmoja wa saruji. Wakfu ule ulizisaidia asasi nyingi za jiji, lakini ulikuwa na sharti lake: wazee wasiopungua ishirini, tena wasio na mtoto wala ndugu. Mwaka ule, wiki ya ukaguzi, mzee mmoja akafariki. Mungu amrehemu, hakufikiria ruzuku. Wakabaki kumi na tisa.

Mhasibu, mtu wa tumbo kubwa na maneno machache, akasema lile ambalo watu wa asasi husema mkaguzi akikaribia: "Tuazime." Wenzao huazimana viti, vyerehani, hata darasa zima la watoto. Wao wakaazima mzee. Na wa karibu kuliko wote alikuwa mama mzazi wa Chapuchapu, aliyekaa naye nyumba moja.

"Yaani nikukane mchana kweupe?" mama akauliza.

"Siku moja tu, mama. Wakikuuliza, sema: sina mtoto, sina ndugu. Basi."

Mama alikuwa ameanza kusahausahau, leo funguo, kesho jina la jirani. Kwa hiyo kila jioni wakiosha vyombo alifanyishwa mazoezi. Akimaliza huuliza, "Nimesema vizuri?" Na Chapuchapu, mikono ina povu, humbusu shavuni.

Siku ikafika, akaja afisa wa wakfu. Walimpa jina la Mpole, kwa kuwa hakuna aliyewahi kusikia sauti yake ikipanda. Mama aliandikishwa kwa jina la kubuni, Chapuchapu akatia saini chini yake. Mpole alipomuuliza habari za watoto, bibi akainamisha kichwa na kuyatamka yale maneno kwa huzuni ambayo hakuna aliyemfundisha. Mpole akafuta macho kwa leso iliyopigwa pasi, kisha akampiga picha.

Pesa zikaja. Dawa zikanunuliwa, mpishi akalipwa, mafundi wakaanza na paa la vyumba vya kulala. Mwisho wa mwaka ikaja na kalenda ya wakfu, uso wa mama umeijaza pomoni, na chini yake maandishi: Hana mtu. Ana sisi. Mhasibu akaitundika ofisini. Chapuchapu akaigeuzia ukutani, kesho yake akaikuta imegeuzwa tena.

Ile siku moja nayo ilizaa nyingine. Kila Mpole akija, mama huletwa kukaa kwenye kiti chake. Na huko nyumbani yale maneno yakaanza kumtoka yenyewe. Siku moja wakiwa mezani akamtazama bintiye kwa adabu na kumwambia, "Dada, asante kwa chakula. Mimi sina mtoto, sina ndugu." Chapuchapu akacheka. Mama hakucheka. Siku ile vyombo vililala bila kuoshwa, maana mtoto wa watu alijifungia chumbani akilia.

Ndipo alipokutana na mama mmoja, mkuu wa kituo kingine ng'ambo ya reli.

"Wakfu umejenga nyumba kule mlimani," yule mama alimwambia. "Ya wale wasio na mtu kabisa. Wamechukua wanne wangu. Nilipokwenda kuwaona, getini nikaambiwa asiye na ndugu hana mgeni. Nikauliza hali zao, nikaonyeshwa picha."

"Si afadhali hiyo picha?"

"Mwenzangu, ilikuwa picha niliyoipiga mimi."

Chapuchapu akaapa kwamba mama hatakanyaga tena kituoni. Lakini njia ya mwongo ni fupi. Asubuhi iliyofuata Mpole alikuja bila taarifa, na gari jeupe lenye mapazia, na mhasibu alikuwa ameshatuma mtu nyumbani kumleta bibi. Chapuchapu anatoka stoo, anamkuta mama mlangoni mwa gari, kifurushi mkononi.

"Wa kwanza kwenda mlimani ni yeye," Mpole akasema. "Bibi wa kalenda."

"Huyu haendi. Huyu ni mama yangu."

"Wote husema hivyo siku ya kuagana."

"Mama yangu aliyenizaa. Nilidanganya. Chukueni pesa zenu, fungeni kituo, nipelekeni polisi. Mhasibu, mwambie."

Mhasibu akaingia ofisini, akafunga mlango. Mpole akatoa karatasi kwenye mkoba, akamwonyesha saini yake mwenyewe, kisha akamwinamia mama. "Bibi, huyu ni mtoto wako?"

Mama akamtazama bintiye. Chapuchapu akamwashiria kwa kichwa akubali. Kisha mama akainamisha kichwa kama siku ile ya kwanza.

"Sina mtoto," akasema. "Sina ndugu."

Chapuchapu akamshika mkono, akauvuta kwa nguvu zake zote. Dereva akaja kumbandua, kidole kimoja kimoja. Mama akamsogelea sikioni, akamkonyeza kama alivyokuwa akimkonyeza utotoni walipomficha baba jambo.

"Niachie, utaharibu," akanong'ona. "Paa la jikoni bado."

Akapanda. Dereva akafunga mlango. Gari lilipoanza kuondoka, mama akafunua pazia kidogo, midomo ikimcheza nyuma ya kioo, na Chapuchapu hakuhitaji kusikia ili kujua anachouliza: nimesema vizuri?