Kiti cha Nane

Alhamisi ya nne ya Novemba, Janelle Pruitt alirudi kutoka kiwandani saa mbili kasoro robo, mkono mmoja una mkoba wa kompyuta, wa pili una mfuko wa viazi vitamu, akakuta kiti cha mama yake kimesimama kwenye ngazi za ghorofa ya tatu. Kilikuwa kiti cha mwaloni chenye mto wa kijani uliofungwa kwa kamba za viatu. Aliupapasa ule mto. Ulikuwa bado na joto.

Bwana Kretschmar, msimamizi wa jengo, alikuwa amesimama kando yake, kitabu cha kanuni za nyumba kwapani.

"Bibi Pruitt, hapa ndipo watu watakapopita moto ukizuka. Si stoo hapa."

"Samahani. Nakiingiza sasa hivi."

"Cha ngapi hiki?"

"Cha nane."

"Na huko kwenu vimebaki vingapi?"

"Vimekwisha."

"Afadhali. Mwakani tutapumua," alisema, akakishika kiti miguu ya mbele wakaingia nacho.

Janelle alikuwa ameishi miaka minane mjini Leipzig. Kila mwaka alimwambia mama yake kwa simu, "Mwakani Sikukuu ya Shukrani itanikuta mezani kwako, Mama." Kila mwaka Alhamisi hiyo ilimkuta kiwandani akipima pampu, kwa kuwa Wajerumani hawana habari na sikukuu hiyo. Na kila mwaka, Alhamisi hiyo hiyo, kiti kimoja cha mezani kwao Nebraska, Marekani, kilifika ngazini chenyewe, bila mchukuzi. Cha kwanza kilikuwa chake mwenyewe, ukingoni kina alama za meno yake ya utoto. Huko nyumbani shangazi na wajomba waliacha kuja mmoja mmoja, kadiri mahali pa kukaa palivyopungua. Hakuna aliyenuna. Mtu haalikwi kusimama.

Alimpigia mama yake kabla hata ya kuvua koti.

"Kimefika, Mama."

"Najua, mwanangu. Nilikuwa nimekikalia."

"Umeumia?"

"Nimeanguka kwa adabu. Sasa nakula nimesimama, hapa karibu na jiko. Wanasema inasaidia magoti."

"Nimeshakata tiketi. Tarehe ishirini Desemba niko njiani."

Mama alitafuna kidogo. "Tiketi hujawahi kukata," alisema, na sauti yake ikanyanyuka. "Basi nitatandika kitanda."

Janelle alifanya karamu yake Jumamosi, kama wafanyavyo Wamarekani wengi walio ugenini. Siku ya kazi haimbembelezi mtu. Wiki mbili nyuma alikuwa amemwambia muuza nyama amletee bata mzinga wa kumi na nane. Mama yake miaka yote aliagiza wa kumi na nane, akimaanisha ratili. Muuza nyama, mtu wa kilo, alileta ndege wa kilo kumi na nane, mkubwa kama mtoto wa darasa la kwanza, akapita mlangoni akimpakata kwa mikono miwili. Oveni ilimkataa. Bwana Kretschmar alimteremsha chumba cha chini, akampasua kwa msumeno wa mbao, akampandisha vipande viwili na kusema kanuni za nyumba haziruhusu, ila leo hajaona kitu. Kwa hiyo akakaribishwa.

Walikuwa wanane: Janelle, wenzake sita wa kiwandani, na Bwana Kretschmar. Viti vilienea. Meza ilikuwa mbao mbili juu ya masanduku, imefunikwa shuka. Janelle alikalia kiti chenye mto wa kijani. Joto lake halikuwa limepoa.

Aliwaeleza desturi ya kwao: kabla ya kula, kila mtu ataje jambo moja analolishukuru.

"Mbele ya watu?" aliuliza Ute wa ofisi ya manunuzi. "Sisi hata kwenye mazishi hatusemi hayo!" Lakini alishukuru kwamba mwanawe amepata kazi. Bwana Kretschmar aliushukuru msumeno. Ikafika zamu ya Janelle, na moyoni alikuwa ameshalipanga neno lake: nashukuru kwa tarehe ishirini.

Simu ikaita. Alikuwa mkuu wake, Bwana Dressler, anayeheshimu mapumziko ya watu isipokuwa ya Janelle. Mteja alitaka pampu zijaribiwe kabla ya mwaka kwisha, kuanzia tarehe kumi na tisa.

"Sikulazimishi," alisema Dressler. "Ila hakuna anayezijua kama wewe."

Sentensi hiyo ilikuwa imemshika miaka minane, na bado ilikuwa tamu.

"Sawa," alisema Janelle.

Wageni walikuwa wakimngoja, vijiko mikononi. Alisema anashukuru kuwa na kazi, wakapiga makofi, wakala. Nyama ilikuwa laini. Waliposhika sahani za pai ya boga, alienda jikoni akampigia mama yake. Ilikuwa saa moja jioni. Kwao, saa sita mchana.

"Mama. Ile tarehe ishirini."

"Mm."

"Wananihitaji hapa. Lakini mwakani, Mama. Mwakani kwa hakika."

Nebraska kulisikika kitambaa kikikunjwa, kisha vijiko vikirudishwa kwenye droo, kimoja kimoja.

"Haya, mwanangu," alisema mama yake. "Basi mwambie yule mzee wenu wa ngazi afungue mlango wa chini pande zote mbili. Meza yetu ni ndefu."

Janelle alirudi sebuleni akamwambia. Bwana Kretschmar aliweka sahani chini, akafuta mdomo, akatoa futi ya kupimia mfukoni.

"Urefu?"

"Ya watu wanane," alisema Janelle, na mzee akateremka akapime ngazi.