Mstari wa Nukta Ni wa Kukunja

Mama Pindo alipata jina hilo kwa sababu ya mapindo yake. Sketi aliyoikunja yeye ilifuliwa mpaka ikapauka, na pindo bado limeshika. Alianza kufundisha ushonaji katika chumba cha nyuma cha kituo cha mtaa nywele zake zikiwa nyeusi. Sasa alikuwa bibi mwenye wajukuu, na kila jioni alivuka ua wa kituo hicho hicho kwenda kukaa kwenye darasa la kompyuta kama mwanafunzi.

"Udongo upate ungali maji, shemeji," mwenyekiti wa kituo alimtania siku ya kwanza alipomwona na daftari kwapani. Mwenyekiti alikuwa mdogo wa marehemu mumewe, na utani wao haukuwa na likizo. "Wewe na kipanya wapi na wapi? Ukiona panya tu unapanda meza."

"Kawia ufike," alijibu Mama Pindo, akapita.

Lakini mwezi huo shemeji alileta neno lisilo na utani ndani yake. Kamati ingekaa Jumamosi kuamua kama chumba cha ushonaji kifungwe, kiwe stoo ya viti na maturubai. Ilisemwa kwamba wasichana huingia wengi, kisha katikati ya mafunzo huyeyuka. Mama Pindo hakubisha. Aliomba tu apewe nafasi aionyeshe kamati walikokwenda, maana yeye aliwajua mmoja mmoja.

Mungu alikuwa amemtangulia, hivyo ndivyo alivyoona yeye, kwa sababu wiki zile zile darasa lilikuwa limefikia michoro ya mtiririko. Mwalimu, kijana mpole, aliwaeleza kwamba katika programu ya takwimu huchori kwa mkono. Unaandika amri, unabonyeza, na programu inakuchorea visanduku na mishale: wangapi walianza, wangapi walishika njia gani, wangapi walifika. Mchoro wa kwanza wa Mama Pindo ulitoka na visanduku vyeupe vilivyobanana na mishale myembamba kama uzi wa buibui.

"Mwalimu," alisema, "huu mchoro uko uchi."

Darasa zima lilicheka, na mwalimu akasema basi waanze kuuvalisha. Tangu jioni ile neno likawa hilo. Kupaka kisanduku rangi, kuviringisha pembe zake, kunenepesha mshale ili ufuate idadi ya watu, kuchagua mstari kamili au wa nukta, yote yaliitwa kuvalisha. Mama Pindo aliipenda kazi hiyo kuliko alivyotarajia. Kabla ya kubonyeza alifumba macho na kunong'ona, "Bwana, nionyeshe nilipokosea." Jirani yake wa dawati, dereva wa lori, alisema hajaona sala inayojibiwa upesi namna hiyo, kwani kila ikisemwa skrini inajaa maandishi mekundu ya makosa.

Mama Pindo alipoanza kuchora safari ya wasichana wake, dereva huyo ndiye aliyemshauri kuhusu walioacha. Wasichana arobaini walikuwa wameingia. Kumi na wanne walikwenda moja kwa moja mpaka mwisho. Ishirini walisimama kidogo, huyu kajifungua, yule kauguza mama yake, kisha wakarudi wakamaliza. Sita waliondoka, basi. Dereva alisema mshale wa sita aupake kijivu hafifu, ukutani hata hautaonekana.

"Mungu anawaona hata wakiwa kijivu," alisema Mama Pindo, akaupaka rangi ya chungwa.

Jumamosi asubuhi aliingia kwenye kikao na gauni lake la bluu alilolipiga pasi mara mbili, mwalimu nyuma yake amebeba projekta. Mchoro ulipotokea ukutani aliutazama kwa furaha ya mtu anayetazama kazi yake ikivaliwa. Ulikuwa umepangika, maandishi yanasomeka hata kutoka mlangoni.

Katibu, mwalimu mstaafu mwenye miwani ya mnyororo, ndiye aliyeanza. Alisema kwa heshima kwamba anashukuru kwa ukweli, maana sasa ameona kwa macho. Hao ishirini wenye mshale wa nukta hawajulikani waliko. Mwenyekiti alitikisa kichwa kwa masikitiko, akasema nusu ya darasa ni moshi, na ni shemeji yake mwenyewe aliyeuchora.

Mama Pindo aliutazama tena ukuta. Ishirini hao ndio waliorudi. Kwa nini wanawaona wamepotea? Kwenye mshale wa sita mstari ulikuwa kamili, umenyooka. Kwenye wa ishirini ulikuwa wa nukta. Mkono wake wenyewe, bila kuutuma, ulikwenda kwenye upindo wa gauni, na hapo akaelewa. Akaanza kucheka polepole, mpaka mwalimu akawa na wasiwasi.

"Kosa ni langu," alisema. "Nimechora kwa mkono wa cherehani. Sisi mafundi, mstari kamili ni pa kupitisha mkasi. Mstari wa nukta ni pa kukunja. Hawa ishirini sikuwakata. Niliwakunja tu, nao wakarudi. Nipeni nafasi niwavalishe upya."

Mwalimu alinyoosha mkono kuichukua kompyuta amsaidie, lakini Mama Pindo alikuwa ameshakaa. Aliufungua ukurasa wa amri. Akafuta neno la nukta. Mshale wa ishirini akaupaka kijani, akaunenepesha, na badala ya kuuacha uchepuke pembeni akaupinda urudi kwenye njia kuu, karibu na kisanduku cha waliomaliza. Chini akaongeza ufafanuzi wa rangi, ili mtu asihitaji kuwa fundi kuusoma. Akafumba macho, akanong'ona sala yake, akabonyeza.

Maandishi mekundu.

Mtu mmoja aliguna. Mama Pindo alishusha kidole mstari baada ya mstari, bila haraka, mpaka alipokuta mabano yaliyofunguliwa yasifungwe. "Kifungo kimeachwa wazi," alisema, akakifunga, akabonyeza tena.

Mshale wa kijani ulitoka ukutani, ukachepuka, ukageuka, ukarudi.

"Hilo ni pindo," alisema katibu taratibu.

Mwenyekiti aliinama mbele. Aliuliza kama thelathini na wanne walimaliza kweli, na Mama Pindo akamwambia mmoja wao ndiye aliyeshona pazia lililo nyuma yake. Mwenyekiti akageuka kulitazama. Kisha akauliza kuhusu wale sita, na hapo Mama Pindo hakukwepa. Alisema wawili walihama, wanne aliwapoteza yeye, na chumba kikibaki ataanza kwa kwenda kuwabishia hodi.

Kamati haikuzungumza sana baada ya hapo. Viti na maturubai vingetafutiwa mahali pengine.

Mlangoni shemeji alimsubiri na mfuko wa nailoni. Ndani kulikuwa na suruali mpya, ndefu kupita miguu yake.

"Nilijiuliza chumba kikifungwa nitaipeleka wapi," alisema.

"Kumbe ulikuja na kura yako mfukoni."

Mama Pindo alimwambia aivae palepale juu ya ile aliyovaa, akapiga magoti, akatoa chaki, na kuuzungushia kila mguu mstari wa nukta.

"Shemeji," alisema mwenyekiti akitazama chini, "hapo unakata?"

"Soma mwenyewe," alisema Mama Pindo.