Fundo la Uzi Mwekundu

Asubuhi hiyo kiwanda kilikuwa kimefagiliwa. Mkata mawe alipoona sakafu inang'aa, machale yakamcheza. Hawakufagia hata siku mkewe alipoangukia msumeno wake hapo hapo, kohozi limejaa damu.

"Haya jamani, jipangeni!" Msimamizi aliingia na katoni. Kati ya wakubwa wote, ndiye pekee aliyejua lugha ya hawa vibarua wa kigeni. "Kila mtu barakoa moja, kisha dole gumba hapa. Mkaguzi yuko getini."

"Karatasi yenyewe inasemaje?" mkata mawe aliuliza.

"Kwamba umepewa."

"Nimepewa au nimeazimwa?"

Wenzake wakacheka chini chini. Mdogo wa marehemu mkewe akamkanyaga mguu. "Shemeji, tia dole yaishe. Pasipoti zetu zimo kwenye droo yake, umesahau?"

Asahau vipi? Akatia dole. Karatasi kama hiyo, yenye dole la mkewe, ndiyo waliyomtolea alipouliza nani atakijibia kifo chake. Kinga alipewa, wakamwambia, hakuvaa kwa ukaidi wake.

Alipoivuta barakoa usoni, ikambana. Akapapasa kisogoni. Mkanda ulikuwa umefupishwa, umefungwa fundo kwa uzi mwekundu. Mkewe alikuwa na uso mdogo. Fundo lile alilifunga mwaka jana, siku ya ukaguzi, akitania: "Leo nami napumua kama mke wa bosi!"

Chujio bado lilikuwa jeupe pe.

Mkaguzi alipita na fomu zake, akasimama mbele ya mkata mawe, akasema kitu.

"Anauliza mnavaa kila siku?" Msimamizi alitafsiri.

"Mwambie hii imevaliwa siku mbili tu. Ya kwanza aliivaa mke wangu. Mwambie amekufa."

Msimamizi akamkazia macho. Kisha akamgeukia mkaguzi, akatamka neno moja. Maneno yote yale, neno moja! Mkaguzi akatabasamu, akaweka tiki, akampigapiga mkata mawe begani.

Gari lake lilipotoka getini, katoni ikapitishwa tena.

"Taratibu, usiikunje," Msimamizi alisema, akiipokea barakoa kwa mikono miwili.

Misumeno ikawashwa. Vumbi likapanda, likawajaa puani na kwenye kope. Msimamizi akaivika katoni mfuko wa nailoni, akauzungushia selotepu pande zote, vumbi lisije likaingia.