Kikohozi cha Ignas

Ursula alikuwa ameshaulizwa swali hilo mara mbili, na mara zote mbili alidanganya bila kupepesa macho.

"Mama, nyumbani hakuna aliyewahi kuugua kifua kikuu? Hata zamani?" Daktari Josephine aliuliza tena.

"Hakuna."

Daktari akasogeza kiti karibu. Mwaka mzima tumbo lilikuwa likimsokota Ursula, na mwili umebaki mifupa. Kipimo cha kamera kilionyesha vidonda kwenye utumbo, lakini vidonda vya namna ile huletwa na magonjwa mawili, na kipande cha nyama ya utumbo kilichopelekwa maabara hakikuonyesha ni lipi.

"Kama ni utumbo wenyewe unaovimba, nitakupa dawa za kushusha kinga ya mwili. Ila kama ni kifua kikuu kimejificha tumboni, dawa hizo zitakifungulia mlango. Zinaweza kukuua, mama. Na nimepanga tuanze kesho."

Aibu ni kitu cha kijinga sana, lakini jaribu kumwambia hivyo mtu aliyeishi nayo miaka minne. Ignas, mumewe, alikohoa damu kule Bahi walikokuwa wakilima, na majirani wakaambiwa ni pumu ya vumbi la pumba za mpunga. Alikuwa mzee wa kanisa. Dawa alianza amechelewa, tena kwa kujificha, akamwapisha Ursula kwamba hata watoto wasijue. Akafa. Watoto wakatawanyika, shamba la mpunga likakodishwa, Ursula akahamia mjini, chumba kimoja cha kupanga mtaa wa Kikuyu. Kati yake na mumewe kilibaki kiapo hicho tu, naye alikitunza kama wengine wanavyotunza picha ya harusi.

"Mume wangu alikuwa nacho," akasema hatimaye. "Mimi ndiye niliyemuuguza. Nisamehe, Ignas."

Daktari hakumgombeza. Akafuta dawa za kesho kwenye faili. Wangeanza na za kifua kikuu, miezi sita, huku wakiangalia kama vidonda vinapona. Ursula akalia, na si kwa furaha. Alijiona amemzika Ignas mara ya pili.

"Tunahitaji mtu wa kukusimamia nyumbani, akuone ukimeza kila siku. Nimwandike nani?"

Ursula akafikiri. Mwanawe Stanley alipiga simu mara ya mwisho wakati wa Pasaka. Mpangaji wa chumba cha pili hakumjua hata jina. Akafikiri mpaka daktari akaweka kalamu mezani.

"Kwa Ignas nilikuwa mimi," akasema. "Kwangu hakuna mtu."